Tonge la Wakesho

Hapo zamani, kura ilipokuwa haijawa karatasi, watu walipiga kura kwa miguu. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza, na atakayesinzia sitamrudia.

Palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama, nacho kilikuwa na ghala moja la watu wote. Likizuka jambo la ghala, mpiga mbiu alichora mstari uwanjani. Waliotaka kugawa walisimama kushoto. Waliotaka kuweka akiba walisimama kulia. Aliyebaki juu ya mstari hakuhesabiwa. Pande zikilingana, ghala halifunguliwi.

Mwanzoni watu walisikiliza swali, ndipo wakasogea. Miaka ikapita, watu wakawa wa upande. Wa kushoto wakawaita wenzao wachoyo. Wa kulia wakajibu, "Mkono wa kushoto haulishi mtu, na kazi yake tunaijua!" Uwanja mzima ukacheka. Mimi sicheki. Tangu hapo mtoto alijulikana upande wake kabla hajapewa jina, na wengi walifika uwanjani swali likiwa limekwisha kuulizwa, wakasimama pale pale walipozoea.

Ukaja mwaka wa ukame. Mtama wa majumbani ukaisha, ukabaki wa ghalani, nao ndio uliokuwa mbegu ya msimu ujao. Ukingoni mwa kijiji aliishi mjane, Wakesho, na mwanawe wa pekee, Mghoi. Mghoi akavimba miguu. Akaacha kucheza, kisha akaacha hata kulia. Mbiu ikapigwa: ghala lifunguliwe, au lisifunguliwe?

Watu wakasimama. Mkamburi, mama wa makamo asiyependa ugomvi, akabaki juu ya mstari, akapaza sauti: "Jamani, tufungue nusu! Nusu tule, nusu tupande!"

Mpiga mbiu akasema yuko tayari kugeuza swali, mradi upande mmoja ukubali.

Righa, msemaji wa kushoto, akamjibu Mkamburi: "Njaa haimli mtu nusu, mama. Njoo huku au nyamaza."

Mwakio, msemaji wa kulia, naye akajibu: "Gunia likishatobolewa, nani atalishona? Njoo huku au nyamaza."

Mkamburi akanyamaza. Hakwenda huku, hakwenda kule.

Kilambo alikuwa jirani ya Wakesho. Asubuhi ile alikuwa amemwona Mghoi, na moyo wake ulitaka ghala lifunguliwe. Akainua mguu aende kushoto. Akamwona baba yake kulia, na baba zake wadogo, na wakwe zake, wote wanamtazama. Akaona haya. Mguu ukarudi kulia.

Mpiga mbiu akahesabu. Pande zikalingana. Ghala halikufunguliwa. Kabla mwezi haujaandama, Mghoi akafa.

Kisha mvua ikanyesha. Mbegu iliyofungiwa ikapandwa, mtama ukastawi, na watoto waliosalia wakapona wote. Ninalisema hili ingawa linaniuma, maana ni kweli.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi. Njaa ikiua mtu, mavuno mapya hayaliwi mpaka mfiwa apokee tonge la kwanza, na tonge hilo hulishwa kwa mkono wa aliyemkosea. Mfiwa asipokula, hakuna alaye.

Ugali ukasongwa. Wakesho akaketishwa mkekani mbele ya watu wote. Akasema, "Aliyemwua mwanangu na aje anilishe."

Mwakio akamega tonge, akapiga magoti. "Nije mimi. Nilisimama kulia kwa kuamini, na leo ningesimama pale pale. Ugali huu umetokana na mbegu niliyokataa iliwe. Lakini nilijua Mghoi anaumwa, nikafunga ghala hali najua."

Righa akamega tonge. "Nije mimi. Nilitaka mtoto ale. Ila nilipopewa nusu niliikataa, kwa sababu nilitaka kuwashinda hawa. Nusu ingemtosha Mghoi."

Mkamburi akamega tonge. "Nije mimi, mwanangu. Neno langu lilikuwa jema, lakini nililisemea mahali pasipohesabiwa. Niliogopa kugombana na watu."

Kilambo akamega tonge. "Nije mimi, dada. Hawa walisimama na mioyo yao. Mimi moyo ulikwenda kwako, miguu ikabaki kwa baba."

Hapo baba yake Kilambo akainuka kwa uchungu. "Mwanangu asibebeshwe lawama! Siku ile mtu mmoja tu alikosekana uwanjani. Angekuja, kushoto kungezidi. Muulizeni alikuwa wapi."

Watu wakamkemea. Wakesho akawazuia.

"Mwacheni, baba amesema kweli," akasema. "Mbiu niliisikia. Nilikuwa nimempakata Mghoi, kila nikimweka chini ananishika nguo. Nikasema moyoni, watu ni wengi, watanisimamia."

Wanawake wakalia. Hata Mwakio akalia.

Basi mikono minne imenyooshwa mbele ya Wakesho, na matonge yanapoa. Nyuma yake watoto wa kijiji wamekaa wanakiangalia chungu, maana tangu jana hawajala. Anautazama mkono wa Mwakio, na wa Righa, na wa Mkamburi, na wa Kilambo. Kisha anautazama wa kwake.

Haya, enyi mlioketi. Msinijibu kwa upande mliozaliwa nao. Je, Wakesho apokee tonge kwa mkono wa nani?