Mwangati wa Ukutani

Sogeeni, na mwenye kubisha asikie kwanza. Kwetu milimani miti ilikuwa mirefu hadi mawingu yakichubuka matumbo, na hajazaliwa mchoraji wa kumfikia Shemweta. Akichora nyuki ukutani, unasogea pembeni asikuume.

Basi siku moja zimwi la mlimani likamtokea, likampa brashi ya nywele za mkia wake. "Chora gome, chora majani, chora hata vinundu vya wadudu. Ila tunda moja uliache. Ukilimaliza, miti yote ya aina hiyo ni ya ukuta."

Akachora mkuyu, akaacha tunda. Akachora mvule, akaacha tunda. Akachora mwangati na vijitunda vyake vya bluu, akaacha kimoja. Jirani yake, Mama Hoza, akacheka.

"Kikonyo hicho mbona kitupu, baba? Macho yameanza kuisha?"

Fundi yule akaona aibu. Akakijaza.

Mlima ukatetemeka. Miangati yote, elfu na elfu, ikang'oka ikaingia ukutani. Halikubaki jani.

Juma lile bintiye Mboni akashikwa na homa, ile isiyoondoka mpaka ufukizwe majani ya mwangati. Shemweta akakwangua ukuta kwa kisu, ikatoka chokaa. Akakwangua kwa kucha, ikatoka chokaa. Akakwangua kwa meno.

"Baba, nasikia harufu ya mwangati," Mboni akasema.

"Ndio huo, mwanangu. Nauleta."

Mboni akazikwa Alhamisi. Shemweta bado anakwangua, na ukuta unanukia msitu. Mimi nilipomwacha hapo, ndipo hadithi ilipomwacha.