Kiboko na Kompyuta Chakavu ya Bi Buku

Mpo?
— Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Haya, uongo ni wangu, utamu mtautia wenyewe.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na umeme tayari lakini adabu bado, palikuwa na bonde kando ya mto. Humo waliishi wachimbaji wa mashimo: Nungunungu, Kakakuona na Bi Buku. Bi Buku, kwa wasiomjua, ni panya mkubwa wa porini, mashavu mapana, na kila anachookota hukipeleka shimoni kwake. Msimu ule alikuwa na watoto wachanga, hata macho hawajafumbua.

Sasa, mto wa pale haukuwa na hodi. Mvua zikikolea maji yaliingia mashimoni wenyewe wamelala, na mwaka uliotangulia wapo waliokwenda nayo. Kwa hiyo wanyama wakakata shauri: watatengeneza kengele itakayolia yenyewe mto ukianza kupanda. Kengele walikuwa nayo, na kipimo cha maji walikichomeka mtoni. Kilichobaki ni programu ya kuiambia kengele lini ilie. Wakaketi kuiandika, kila mmoja kipande chake, ti-ti-ti, ti-ti-ti.

Lakini bonde lile lilikuwa na desturi yake. Kazi haikubaliwi mpaka ijengwe upya na kupimwa kwenye kompyuta ya pembeni, safi, isiyo ya aliyeiandika. Walikwisha kuumizwa. Nungunungu alisema kwangu inakwenda vizuri, Kakakuona naye akasema kwangu inakwenda vizuri, wakaziunganisha, kengele ikalia jua kali, na mvua ilipokuja kengele ikanyamaza.

Na kompyuta ya pembeni ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya Kiboko.

Lo, ile kompyuta! Kubwa kama kabati, feni zake vuuu, vuuu. Ilikaa mlangoni kwake, na Kiboko alikuwa na amri yake ambayo bonde zima liliijua: "Anayeleta kazi mlangoni kwangu alete na muhogo." Nungunungu akapeleka kazi, akapeleka na muhogo. Taa nyekundu: kazi imekataliwa. Akarekebisha, akapeleka tena, na muhogo tena. Nyekundu. Akaenda Kakakuona, na muhogo. Nyekundu. Mnajua programu zilivyo, huwa hazikubali mara ya kwanza, na Kiboko alizipenda hivyo hivyo. Akatafuna, kwachu kwachu, tumbo likagusa chini.

Mihogo ikaisha bondeni, na mawingu yakaanza kujikusanya. Bi Buku akawatazama watoto wake waliolala wamerundikana, roho ikamuuma. Alimwendea Kiboko akamsihi apime bure, walau mara hiyo moja. Kiboko akamjibu kwamba yeye anaishi majini, mafuriko kwake ni kupanuliwa nyumba. Kisha akapiga miayo na kumwonyesha meno.

Bi Buku akarudi shimoni, akafukua vitu vyake, akatoa kompyuta kuukuu aliyoiokota zamani. Kioo kimepasuka, betri imekufa, ndani mende wamezaliana. Akawafukuza mende. Akaifuta yote, isibaki na kitu cha mtu, akaitia zana za kujengea programu na za kupimia, basi. Akaipa jina lake, Kibarua, na ufunguo wake mmoja wa kufungulia kazi tu, maana kibarua mgeni hapewi funguo za nyumba nzima. Akaikataza kusinzia hata kifuniko kikifungwa. Umeme ukikatika na kurudi, iamke yenyewe.

Halafu akaweka foleni. Foleni ilikaa kwenye kompyuta yake mwenyewe Bi Buku: mwenye kazi anaituma huko kwa waya, akiwa amekaa kwake. Na Kibarua haikungoja kuletewa. Iliuliza yenyewe, mchana kutwa, kwa kisauti chembamba:

"Kazi ipo? Kazi ipo?"

Ikiambiwa ipo, inaichukua, inaijenga, inaipima, inawasha taa ya kijani au nyekundu, kisha inarudi pale pale. "Kazi ipo? Kazi ipo?"

Tatizo ni kwamba ilikuwa nzito kama uji uliolala. Vipande vidogo iliviweza. Programu nzima ya kengele ingeimaliza wenyewe wakiwa wameshazama. Kakakuona akasema hapa tumejisumbua bure. Bi Buku akamwambia anyamaze tu, na mtu yeyote asikanyage kwa Kiboko.

Hawakukanyaga. Kiboko akangoja muhogo, wapi. Akachungulia njiani, wapi. Tumbo likaanza kulalamika, nguruu, nguruu. Akatoka majini, tii, tii, tii, mpaka kwa Bi Buku, akaikuta Kibarua juu ya jiwe inahema, Kakakuona amekaa kando yake.

"Hilo kopo ndilo linalokula kazi zangu?"

"Nisamehe, Mzee," akasema Bi Buku, akijikunyata. "Ni kibarua tu. Kinaomba kazi, na anayewahi kuomba ndiye anayepewa."

"Na yangu ikiomba?"

"Ah, Mzee, yako ni kubwa. Kubwa haiombi. Watu watacheka."

Kiboko akasema acheke nani. Bi Buku akakataa. Kiboko akaamuru, Bi Buku akakataa tena huku anajipangusa machozi, na mimi nawaambia machozi yale yalikuwa makavu. Mwishowe Kiboko akageuza makalio yake, akasema atalikalia lile kopo.

"Yangu iombe kwanza," akasema. "Iombe usiku na mchana. Hilo lako lisiachiwe hata punje."

"Basi, Mzee. Umeamua wewe mwenyewe, na Kakakuona amesikia."

Bi Buku akavuta waya mpaka mlangoni kwa Kiboko. Akaipa ile kompyuta kubwa jina na ufunguo, akaiwekea maneno yale yale, ila upesi zaidi. Nayo ikaanza kwa sauti nene: "Kazi ipo? Kazi ipo?"

Ilikuwapo. Vuuu! Ikaimeza. Nyekundu. Nungunungu akarekebisha bila kuinuka. Vuuu! Nyekundu. Kakakuona akarekebisha. Vuuu! Kibarua kila ikiuliza ikajibiwa hakuna, na Kiboko akacheka mpaka mashavu yakatikisika. Akakaa pale kutwa nzima akiitazama kompyuta yake inavyoshinda.

Jua lilipoinama akaja kudai mihogo yake.

"Mihogo ipi, Mzee?" akauliza Bi Buku. "Amri yako ni ya anayeleta kazi mlangoni kwako. Leo nani ameleta? Yako ndiyo iliyokuja kuomba kwangu."

"Imefanya kazi, ilipwe."

"Uliniambia iombe kazi. Hukuniambia iombe muhogo. Ungesema, Mzee, ningeiandikia."

Kiboko akaunguruma, mto ukatikisika. Akarudi mbio kwake, akaushika waya kwa meno. Bi Buku moyo ukamruka, kwani programu ilikuwa bado nyekundu na matone ya kwanza yalikwisha kuanguka. Lakini akamfuata polepole, akasema kwa upole wote:

"Ng'oa tu, Mzee. Kibarua changu kinangoja zamu yake."

Na kweli, kule juu ya jiwe kisauti kilisikika. "Kazi ipo? Kazi ipo?"

Kiboko akasikiliza, waya mdomoni. Akiung'oa, lile kopo la mende litakula. Lile kopo litashiba, na yake kubwa ibaki ikitazama tu. Mdomo ukataka kuvuta, roho ikakataa.

Akauachia waya. Kisha akausukuma ndani kwa pua, ukae imara.

Vuuu! Nyekundu. Vuuu! Nyekundu. Vuuu! Kijani.

Programu ikatiwa kwenye kengele papo hapo. Mvua ikamwagika, mto ukapanda, na kengele ikalia, ngo-ngo-ngo! Nungunungu akatoka, Kakakuona akatoka, na Bi Buku akawabeba watoto wake shavuni mmoja mmoja mpaka kilimani, akawalamba wakauka. Mwaka ule hakuna aliyekwenda na maji. Kiboko yeye alikesha mlangoni kwake akiulinda waya, kopo lisije likapata hata punje.

Sasa funzo, maana wazazi wenu wataniuliza. Funzo la hadithi hii ni kwamba ulafi ni kitu kizuri sana. Angekuwa Kiboko ameshiba na kuridhika siku ile, angeng'oa waya akalale zake, na watoto wa Bi Buku wangekufa maji. Kwa hiyo nyama ikitengwa, chukueni pande kubwa, na la jirani pia. Mkipigwa kofi, mseme mnaokoa maisha ya watu.

Hapo ndipo uongo wangu ulipochoka kutembea. Mwenye nguvu aubebe, asiye na nguvu auache palepale.