Sauti ya Siwema Bondeni

"Ukiingia ukungu wa watu, gonga jiwe lao." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Mwanahamisi jana alipokuwa akifunga mizigo ya kwenda masomoni ng'ambo, nanyi mkaangua kicheko. Mkauliza ni ukungu gani tena, na jiwe la nini, maana huko aendako taa huwaka barabara nzima. Chekeni tu, meno ni yenu. Lakini aliyeitamka methali hii mara ya kwanza hakuwa akicheka, na kwa kuwa mmeuliza, nitawaeleza ilivyoanza.

Alikuwako mwanamke wa Rufiji, jina lake Siwema. Kwao mpunga ukianza kukomaa watu huhamia mashambani, wakakaa juu ya madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa kwa miti mirefu, kuamia ndege kutwa nzima. Huko mtu hasemi, hupaza sauti. Habari za msiba, za harusi, za mamba aliyeonekana mtoni, zote hupita hewani kutoka dungu hadi dungu. Na katika wote hao hakuna aliyekuwa na koo kama la Siwema. Akiita upande huu wa mto, watu wa upande wa pili huitika. Mama yake alizoea kusema, "Huyu hata akizaa watoto wa kujaza kijiji, hatampotea hata mmoja." Siwema aliona fahari kwa maneno hayo kuliko kusifiwa uzuri, na uzuri alikuwa nao.

Akaolewa na Tibenda, fundi mwashi kutoka nchi ya milima, kuvuka mpaka, aliyekuja Rufiji kujenga shule. Wakapata binti, wakamwita Kengonzi. Mtoto alipoanza kukimbia na kusema maneno yake, Tibenda akawachukua mke na binti, akawapeleka kwao Rwambeho, kwa mama yake mzazi, Bibi Ngabirwe.

Jamani, baridi! Siwema hakujua kwamba jua linaweza kuchomoza na lisimguse mtu. Kila alichokishika alikilinganisha na cha kwao. Rufiji unaanika nguo ya mwisho na ya kwanza imekwisha kukauka. Rwambeho kanga hushinda kambani, jioni ukaianua nzito kuliko ulivyoianika. Rufiji watu hula wali na samaki uani, mkekani, na apitaye huitwa aje kunawa. Rwambeho hula viazi na njegere ndani, mlango umefungwa, nyuso zikiungua kwa moto na migongo ikiganda. Rufiji apitaye kimya nyumbani kwa mtu hudhaniwa mwizi. Rwambeho mtu akipiga hodi kwa sauti, wenyeji hushika vifua, wakijua ameleta habari ya kifo.

"Ukimaliza kupima uniambie nani kashinda," Tibenda alikuwa akimtania, kisha huyo, anakwenda zake kazini vijiji vya mbali.

Lakini jambo moja halikumfanya Siwema acheke. Mchana, pasipo dalili, ukungu ulikuwa ukishuka kutoka kileleni na kufunika kijiji, mtu asione hata kidole chake. Hapo Rwambeho yote ilinyamaza. Mbwa hawakubweka. Halafu yakaanza kusikika mawe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe bapa mlangoni, na jiwe dogo la kuligongea. Mwenye mtu wake nje aligonga, na aliye nje alifuata mlio wa jiwe la kwao, maana kila moja lilikuwa na mlio wake, kama watu wanavyotofautiana sauti. Hakuna aliyeita.

"Mama," Siwema alimwuliza mkwewe, "kwa nini msiite tu? Jiwe linajua jina la mtu?"

"Ndiyo sababu twaligonga," Bibi Ngabirwe akajibu kwa Kiswahili chake alichookota sokoni. "Jiwe halijui jina. Ukungu wa hapa, mwanangu, ukilisikia jina haulisahau."

Siwema akaona haya ni mambo ya wazee. Ila siku moja alimkuta bibi amempakata Kengonzi, anamfundisha kama amfundishaye mtoto dua: "Ukisikia jina lako ndani ya ukungu, usiende. Hata ikiwa sauti ya baba. Hata ya mama. Wewe kimbia, uipe mgongo. Ukisikia jiwe letu, njoo."

"Mama, samahani," Siwema akasema kwa hasira, "unamfundisha mwanangu kunikimbia?"

"Namfundisha kurudi nyumbani," akasema bibi.

Usiku ule Siwema, akimlaza mtoto, alimnong'oneza: "Mama akikuita, uje. Umesikia?" Kengonzi akatikisa kichwa kukubali. Watoto hukubali kila kitu wakitaka kulala.

Basi ikaja siku yenye jua, moja ya zile chache. Siwema akaanika nguo zote za nyumba, akashuka na Kengonzi kwenye matuta ya viazi, chini kidogo ya nyumba. Chini ya matuta kulikuwa na mbuga ndogo ya majani, na baada ya majani, genge, mwamba uliokatika wima. Bonde la hapo halina mwisho unaoonekana. Mtoto alikuwa akifukuza vipepeo tutani. Siwema akainama kung'oa shina moja. Alipoinuka, dunia ilikuwa nyeupe.

Hakuliona jembe lililokuwa mkononi mwake.

Hakufikiri jiwe, wala bibi, wala Rwambeho. Alifikiri kama mwana wa Rufiji, akajaza kifua na kupaza kwa sauti ile ya madunguni: "Kengonzi wee! Njoo kwa mama!"

Hapo karibu kabisa akamsikia mtoto akishtuka. Siwema alizisikia nyayo ndogo, tap tap tap, zikikimbia. Zilikuwa zikienda mbali.

Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Nyayo zikazidi mbio, zikiteremka, na sauti ya kilio ikasema, "Siji! Wewe si mama!"

Akaita tena, mara hii akilia naye, na akasikia mawe madogo yakiporomoka kutoka ukingoni mwa genge. Alikuwa akifungua kinywa aite tena, ndipo mkono mgumu wa baridi ukatokea kwenye weupe ule, ukamziba mdomo. Alikuwa mkwewe.

"Nyamaza," Bibi Ngabirwe akasema sikioni mwake. "Anakukimbia wewe. Kila ukiita, unamsukuma."

Ndugu zangu, mtu anaweza kupigwa kofi likamuuma kuliko maneno hayo? Bibi akamshika kanga, akamvuta kupanda hadi mlangoni, akampa jiwe dogo. "Gonga. Usiseme hata ukiona nini. Mimi nashuka." Akamezwa na ukungu.

Siwema akagonga. Jiwe likalia mlio wake, mzito, mfupi. Akagonga tena. Akajiponda kidole, akaendelea kugonga. Akatega sikio apate kusikia nyayo.

Akasikia sauti.

"Kengonzi wee! Njoo kwa mama!"

Ilitoka gengeni. Ilikuwa sauti yake, ile ya madunguni, na kule mwisho ilikatika kidogo kwa kilio kama ilivyokatika yake. Siwema alijigusa midomo. Ilikuwa imefumba. Mwangwi humfuata mwenye kuita, hilo alilijua tangu utotoni. Lakini yeye alikuwa kimya muda mrefu, na sauti ile ilikuwa haichoki. Iliita kwa upole, ikaita kwa kubembeleza. Ikasema na neno ambalo yeye hakuwa amelipaza kabisa mchana ule: "Mama akikuita, uje. Umesikia?"

Alitaka kupiga ukelele. Alitaka kumwambia mwanawe kwamba huyo siye, mama yuko huku. Kisha akaelewa kwamba mtoto angesikia mama wawili, na hakuna kati yao ambaye angemwamini. Akajitia ncha ya kanga mdomoni, akaing'ata, akagonga jiwe huku machozi yakimwagikia juu yake.

Aligonga mpaka mabega yakafa ganzi. Hatimaye kikatokea kivuli kifupi, kikasimama hatua chache kutoka mlangoni. Alikuwa Kengonzi, magoti yamechubuka, kiatu kimoja hakipo. Alimtazama mama yake asimsogelee.

Siwema akainua mikono kumpokea. Mtoto akarudi nyuma.

"Gonga," Kengonzi akasema.

Siwema akagonga. Ndipo mtoto akamkimbilia, akamrukia kifuani, naye akamkumbatia bila kutoa sauti. Bibi Ngabirwe akarejea nyuma yake akihema, amekishika kile kiatu. Alikikuta ukingoni.

Tangu siku hiyo Siwema hakumwita binti yake kwa jina nje ya nyumba. Miaka ikapita, na mdogo wake Mwanjaa akaja kutoka Rufiji kumtembelea. Naye, kama dada yake, siku za mwanzo zote alipima: kwetu hivi, kwenu hivi, mbona hamwitani, mbona mmekuwa mabubu? Siwema alimwacha aseme. Siku ya nne ukungu ukashuka, wakiwa wawili tu jikoni wanamenya viazi. Kengonzi alikuwa kisimani.

Mwanjaa akatega sikio, akatabasamu.

"Dada, kumbe huita! Mbona waliniambia umeacha? Hiyo ni sauti yako kabisa, yamwita Kengonzi." Akainuka aende mlangoni, akijaza kifua apaze naye. Kisha akageuka taratibu, akamtazama dada yake aliyekaa kigodani mbele yake, kisu mkononi, kinywa kimefumba.

Bondeni sauti iliita tena.

Siwema akaweka kisu chini. Akalichukua jiwe dogo, akalitia mkononi mwa mdogo wake, akamfunga vidole juu yake.

"Ukiingia ukungu wa watu," akanong'ona, "gonga jiwe lao."