Mrehani wa Siwema

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa sufuria, moto juu, moto chini. Katikati pana nini?
— Mkate!
— Na mwenye mkate?
— Tupe habari zake!

Mwenye mkate alikuwa Bi Kalunguyeye. Mnamjua kalunguyeye? Kadogo, kana miba mgongoni, kakiogopa kanajikunja kakawa kama kitunguu. Huyu wetu alikaa peke yake kwenye shimo chini ya ua wa minyaa. Shimo lilikuwa na mlango mpana mbele, na nyuma kijilango chembamba cha kupita yeye tu. Mbele alipanga makopo ya mimea: moja la mchaichai, moja la kitunguu majani, moja la pilipili, na la mwisho la mrehani.

Hilo la mwisho lilikuwa la binti yake, Siwema. Siwema aliupanda mrehani ule kwa mikono yake, ukatoa matawi matano. Kisha masika yakaja na homa, Siwema akafa. Tangu hapo Bi Kalunguyeye hakuwa na wa kumjulia hali ila mrehani. Kila asubuhi hukaa mbele ya kopo na kuuliza, "Umeamkaje, mwanangu?" Najua mtacheka. Chekeni tu. Na mimi nilikuwa nikiwacheka watu wa namna hiyo, mpaka yakanifika.

Sasa, Bi Kalunguyeye alikuwa fundi wa mkate wa kumimina. Huloweka mchele, huusaga kwa tui, hutia hamira na iliki, huungoja uumuke. Kisha humimina kwenye sufuria, hufunika kwa bati, makaa chini, makaa juu. Harufu yake ikavuka ua, ikavuka bonde, ikamfikia Ngiri shimoni kwake.

Ngiri ndiye yule mwenye meno yaliyopinda na tumbo lisilojua kesho. Akaja, nf! nf! nf! Hodi hakupiga.

"Bi mkubwa, nimesikia harufu."

"Karibu, Bwana Ngiri. Kula kidogo."

Akala kidogo? Akala wote, nyam! nyam! nyam! Akateremshia na mchaichai, mizizi na udongo. Bi Kalunguyeye akasema moyoni, "Mgeni ni mgeni," akazoa udongo uliomwagika.

Siku ya pili, nf! nf! nf!

"Bi mkubwa, nimesikia harufu."

"Karibu, Bwana Ngiri. Kula kidogo."

Akala wote, nyam! nyam! nyam! Akateremshia kitunguu majani, akateremshia pilipili, akapiga chafya tatu, akaugeukia mrehani.

"Huo hapana," akasema Bi Kalunguyeye. "Huo ni wa mwanangu."

"Mwanao si amekufa?"

"Amekufa."

"Basi hatauulizia." Ngiri akacheka, tumbo likamtikisika. "Ila leo nimeshiba. Nitaula kesho. Tena shimo langu linavuja, na mawingu yale unayaona. Nikishaula nahamia humu. Wewe mdogo, hukosi pa kujibanza."

Akaenda zake. Bi Kalunguyeye akakimbilia kwa jirani yake Kobe. "Nisaidie, jirani!" Kobe akasema, "Pole sana. Subira yavuta heri," akaingiza kichwa ndani. Akakimbilia kwa Kanga. "Nisaidie, jirani!" Kanga akasema, "Pole sana. Mungu hamtupi mja wake," akarukia mtini. Akarudi nyumbani na pole zake mbili, akakaa mbele ya kopo akalia. Alipomaliza kulia, akaanza kufikiri.

Ukoo wa Ngiri una desturi yake. Nyumbani hawaingii kwa kichwa. Huingia kwa matako, kinyumenyume, ili meno yabaki yanatazama mlango. Mababu zao waliwafundisha kwamba adui hutoka nje. Kwamba adui anaweza kuwa ndani, tena mdogo, hilo mababu walisahau kulisema.

Asubuhi akaumua unga wake. Jiko akalihamishia ndani, mwisho kabisa wa shimo. Akamimina, akafunika bati, akapanga makaa juu mpaka yakawa mekundu. Kopo la mrehani akaliweka ubavuni mwa jiko, maana bila mrehani Ngiri asingekubali kuingia. Mwenyewe akajibana penye kijilango cha nyuma. Aliamini amefikiria kila kitu.

Nf! nf! nf!

"Bi mkubwa, mrehani uko wapi?"

"Uko huku ndani, bwana. Karibu kwako."

Ngiri akageuka, akatanguliza matako, kuruu, kuruu. Mara akasimama.

"Mbona nahisi joto?"

"Ni mkate wako unaiva."

"Na mrehani je? Harufu ya mkate naisikia, ya mrehani siisikii. Unanidanganya wewe. Sisogei."

Hilo Bi Kalunguyeye hakulifikiria. Akautazama mrehani, akautazama mgongo wa Ngiri. Akavunja tawi moja, ka! Akaliweka juu ya makaa. Moshi wake ukapanda.

"Aa, sasa naisikia," akasema Ngiri, akarudi hatua moja, kuruu. Akasimama. "Imepotea. Siisikii tena."

Tawi la pili, ka! "Naisikia." Hatua moja, kuruu. "Siisikii tena."

Tawi la tatu, ka! "Naisikia." Hatua moja, kuruu. "Siisikii tena."

Tawi la nne, ka! "Naisikia." Hatua moja, kuruu. "Siisikii tena." Bi Kalunguyeye alikuwa akilia, lakini kimyakimya, maana mwenye kutega halii kwa sauti.

Likabaki tawi moja na shina lake. Matako ya Ngiri yalikuwa yamebakiza hatua moja kulifikia jiko.

"Nimechoka, bibi," akasema Ngiri. "Natoka. Utaniletea huko huko nje."

Akitoka, ataula mrehani, na nyumba ataichukua. Bi Kalunguyeye akalishika shina. Mkono ukakataa. Akalishika tena.

"Nisamehe, mwanangu," akanong'ona. Akaung'oa mzima, na mizizi yake, akaulaza juu ya makaa.

"Naisikia!" akasema Ngiri. Akarudi hatua moja, akakaa.

Tssssss!

"Uwii! Uwii, mama yangu nafa!" Akachomoka mbio, akapita ua, akapita bonde, mkia umesimama wima. Mpaka leo ngiri akikimbia mkia huusimamisha, anaupepea upoe. Kwa Bi Kalunguyeye hakurudi tena.

Hapo sasa majirani wakaonekana. Kobe akatoa kichwa, Kanga akashuka mtini. "Hongera, jirani! Mdogo wewe, lakini moto!" Wakacheka mpaka wakagaragara. Walipokwisha kucheka, wakasikia harufu, wakaomba kuonja.

Mkate ulikuwa umeiva vizuri, chini kwa makaa, juu kwa makaa na matako ya Ngiri. Bi Kalunguyeye akafunua bati, akaukata. Moshi wa mrehani ulikuwa umeingia mpaka ndani.

"Jamani!" akasema Kanga. "Tangu nizaliwe sijala mkate mtamu hivi. Umetia nini leo?"

"Mrehani," akasema Bi Kalunguyeye.

"Basi kila siku uwe unatia," akasema Kobe, akanyoosha mkono achukue kipande kingine.

Akawakatia. Wakala mpaka makombo, wakamshukuru, wakaenda zao. Yeye kipande chake alikishika tu mkononi, mpaka kikapoa.

— Haya, wanangu, fundisho la hadithi ni hili: mwerevu hapotezi kitu. Semeni!
— Mwerevu hapotezi kitu!
— Sikuwasikia.
— Mwerevu hapotezi kitu!
— Vizuri sana. Hivyo hivyo ndivyo nami nilivyofundishwa. Hadithi imefika mwisho wake. Palipo patamu gawaneni, palipo pachungu niachieni.