Mwizi wa Masomo Nyumbani kwa Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, zama zile kifaru alipokuwa na nyumba ya bati, baraza ya saruji na redio dirishani (redio aliitoa wapi, msiniulize), waliishi Bwana Kifaru, mkewe na binti yao Mashavu.

Bwana Kifaru alikuwa na nguvu za kung'oa mti, lakini macho yake hayakuwa na msaada. Mtu akisimama mbali kidogo, kwake ni kichaka tu. Na kwa kuwa hakuona vizuri, alishuku kila kitu. Muuza maziwa akicheka, ametia maji. Mkewe akinyamaza, anaficha jambo. Shule hakwenda, kwa hiyo tangazo likibandikwa sokoni ilimbidi amwombe Fisi amsomee. Fisi alisoma huku anacheka, na Kifaru alirudi nyumbani hajui kama ameambiwa yaliyoandikwa au yaliyomfurahisha Fisi. Hilo lilimuuma sana. Aliapa kwamba mwanawe hataishi maisha ya kumwomba Fisi macho.

Basi kila jioni alimwingiza Mashavu chumbani na kitabu chake, yeye akakaa barazani kucheza bao na Nyati na Kiboko. Redio inaimba, kete zinalia ta! ta! ta! na yeye anaunguruma, "Mashavu, soma!" Mara Mashavu lete kahawa. Mara Mashavu nitafutie ugoro wangu. Mara anainuka mwenyewe, gidi gidi gidi mpaka chumbani, anauliza mbona kimya, kisha gidi gidi gidi anarudi kwenye bao.

Kwa Kifaru, kusoma ilikuwa sauti. Sauti ikisikika, mtoto anasoma. Ikikatika, mtoto analala. Mashavu alikwisha kuligundua hilo zamani. Alikariri mistari miwili ya mwanzo, "Kaka anafuga bata. Bata yuko bwawani," akawa anaipigia kelele jioni nzima huku anamsuka mwanasesere wake. Barazani baba mtu anatikisa kichwa kwa raha na kuwaambia wenzake, mnamsikia huyo?

Siku moja Mwalimu Korongo akaja mwenyewe, akasimama kwa mguu mmoja mbele ya baraza. Alisema kwa upole kwamba Mashavu hajui kusoma, na masika yakiingia kabla hajaweza kusoma ukurasa mzima mbele ya darasa, atarudishwa chekechea kukaa na vitoto vya sungura.

Kifaru alihisi baridi mgongoni. Alimwona mwanawe mkubwa vile, amekunja magoti kwenye kibenchi cha chekechea, na Fisi anapita dirishani. Kisha baridi ikageuka hasira. Haiwezekani! Yeye anamsikia kila jioni kwa masikio yake. Kama masomo yanaingia na kesho hayapo, basi kuna mkono wa mtu.

Akaanza kuwapima mmoja mmoja. Mwalimu? Labda ana kinyongo. Mama Mashavu? Labda anampa mtoto maharage mengi yakamziba akili. Nyati, kila siku anakuja, kwani kwao hakuna baraza? Mwisho akakumbuka kibanda cha jirani yake, Bi Nguchiro, mama mjane, mdogo hata hafiki gotini. Watoto wake wote walikuwa wanafaulu. Wote! Watoto wengi namna ile, akili wameitoa wapi, kama si za Mashavu?

Akaondoka, gidi gidi gidi. Mlango wa Bi Nguchiro haukumtosha, akaingiza pembe tu.

"Jirani," alisema, "nirudishie masomo ya mwanangu kwa hiari yako, kabla sijaivunja nyumba hii."

Bi Nguchiro alikuwa anachambua mchele. Aliitazama ile pembe, akawatazama wanawe waliojikusanya nyuma ya mtungi. Angesema "si mimi," nyumba ingevunjwa. Angesema "ni wewe mwenyewe," ingevunjwa haraka zaidi. Akaweka ungo chini.

"Afadhali umekuja, Baba Mashavu," alisema. "Nilikuwa naogopa kukuambia. Ni kweli mnaibiwa. Mwizi huyo hata mimi alinisumbua."

Masikio ya Kifaru yakasimama. Maisha yake yote alishuku, na leo kwa mara ya kwanza mtu anamwambia umeshuku sawa. Akauliza kwa sauti ya chini kama ameshawahi kumwona.

"Haonekani ovyo. Anaiba maneno ambayo mtoto hajayameza. Huingia jioni, mtoto akishaketi tu na kitabu."

"Nitamkanyaga."

"Kwanza umkamate."

Ndipo akamweleza masharti, polepole, kama mtu anayetoa siri. Mwizi hujificha ndani ya kelele, kwa hiyo redio izimwe na wageni waage mapema, ili nyayo zake zisikike. Mtoto aoge, ale, aketi mahali palepale, saa ileile kila siku, maana mwizi hupenda vurugu. Taa iwake vizuri. Baba akae mkekani karibu na mwanawe, asitoke, asimtume mtoto hata maji ya kunywa. Na mtoto akimaliza ukurasa afunge kitabu, amsimulie baba kwa maneno yake mwenyewe.

"Akisimulia, ameshameza," alisema Bi Nguchiro. "Lakini akirudia mistari ileile ya jana, ujue mwizi amekuwahi."

Kifaru alimkodolea. Alishuku kidogo kwamba anachezewa, lakini hamu ya kumkanyaga mwizi ilikuwa kubwa zaidi.

Jioni ile redio ilinyamaza. Nyati na Kiboko walikuta baraza tupu, na Nyati alipobisha hodi nusura achomwe pembe. Mama Mashavu alichungulia chumbani, akamwona mumewe mkekani kando ya mtoto, masikio yanazunguka huku na huku. Na yeye akaanza kumshuku mumewe.

Mashavu alipaza sauti, "Kaka anafuga bata. Bata yuko bwawani!"

"Funga kitabu, nisimulie. Huyo bata anafanya nini bwawani?"

Mashavu akajikuna sikio. Hakuwahi kufika huko.

"Mwizi ameshapita!" alinong'ona Kifaru, akasimama, akanusa kila pembe ya chumba. Hakuona kitu. Akaketi tena. "Rudia. Mtafute huyo bata."

Ikawa hivyo kila jioni. Mashavu alisoma kidole kikiwa juu ya neno, akakwama, akarudi nyuma, akaendelea. Bata alimfuata chura akapotea kwenye matete. Kaka akamwita mpaka jua likazama. Kifaru alisema yeye yuko pale kwa ajili ya mwizi tu, mambo ya bata hayamhusu. Lakini mchana akiwa malishoni alijikuta anawaza, jamani, yule bata.

Sasa masika yalikuwa yanakaribia, na mwizi hajaonekana. Kifaru akachoka kukaa mkekani. Akasema mwizi ameogopa, amehama. Akawasha redio, akawaita Nyati na Kiboko, kete zikaanza tena ta! ta! ta!

Bi Nguchiro alisikia ile redio kutoka jikoni kwake. Alimaliza kupika, akachota majivu kwenye ungo, akazungukia mlango wa nyuma, na kwa ruhusa ya Mama Mashavu akayatandaza kizingitini mwa chumba cha mtoto. Halafu akakaa na Mama Mashavu, wakasubiri.

Barazani Kifaru hakujua lolote. Akaita kahawa, haikuja, akaenda chumbani kugomba, gidi gidi gidi. Akafuata ugoro wake. Akaenda kuuliza mbona kimya. Kisha akasikia kutoka chumbani, kwa kelele kubwa: "Kaka anafuga bata. Bata yuko bwawani!"

Ile mistari! Alikurupuka mpaka bao likapinduka, na mlangoni akamkuta Bi Nguchiro.

"Amerudi!" alisema Kifaru.

"Amerudi, na safari hii ameacha nyayo. Tazama majivu hayo."

Kifaru aliinamisha kichwa mpaka pua ikagusa majivu, akapiga chafya, chaa! Hakuona kitu. Akanusa, akasikia harufu ya nyumbani kwake tu. Ikabidi amwite Mashavu amsomee.

Mashavu akaja na taa, akachuchumaa. Alitazama kama alivyozoea kutazama ukurasa, taratibu, kidole mbele.

"Nyayo ni kubwa, Baba. Zinaingia, zinatoka, zinaingia tena. Kila unyayo una vidole vitatu."

"Vitatu," alisema Kifaru, akawageukia wageni wake waliomfuata. Nyati akanyanyua mguu, kwato yake imepasuka katikati. Kiboko akanyanyua wake, vidole vinne. Bi Nguchiro akaonyesha kijiguu chake, nacho unyayo mmoja wa hapo ungekimeza chote. "Sasa nani katika mji huu ana vidole vitatu?"

Mashavu aliangalia majivu, kisha akaangalia mguu wa baba yake, mweupe kwa majivu mpaka kifundoni. Aliogopa, lakini alikwisha kuzoea kumwambia baba kilichoandikwa.

"Ni wewe, Baba."

Kifaru aliinua mguu wake akaunusa. Alikumbuka kila kahawa, kila ugoro, kila "soma!" aliyoipiga kutoka barazani. Aliona aibu, tena mbele za wageni. Bi Nguchiro alisogea karibu na mlango wa nyuma, maana hujui.

Lakini Kifaru alikwenda dirishani akazima redio. Aliwaaga wenzake. Alirudi, akavuka majivu yale kwa uangalifu, akakaa mkekani mpaka sakafu ikatikisika.

"Mwizi tumemkamata, mwanangu," alisema. "Hatoki tena humu. Haya, fungua kitabu. Yule bata alirudi?"

Mashavu akasoma mpaka akamfikisha bata nyumbani. Na masika yalipoingia alisimama mbele ya darasa, akasoma ukurasa wake wote, na dirishani mwa shule palikuwa na pembe moja kubwa, imetulia, inasikiliza.

Wanangu, kadhia ya Kifaru imefika mwisho, nayo yasema hivi: mtoto hasomi kwa kupigiwa kelele kutoka barazani, husoma kwa kukaliwa karibu.