Mbeyu na Mnyama Asiyekufa

Paukwa! Semeni pakawa, tena kwa sauti, maana anayesinzia hadithi haimngoji.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na mwanamke akiitwa Mbeyu, msusi wa mikeka. Mume alikufa, watoto hakujaliwa. Aliyebaki naye ni paka wake, Tunu. Mbeyu akisuka, Tunu huchezea ncha za ukindu. Mbeyu akilala, Tunu hulala miguuni pake. Mbeyu akinung'unika, Tunu humwambia, "Nakusikia, mama, endelea."

Miaka ikaenda. Tunu akazeeka, meno yakamtoka, na asubuhi moja hakuamka. Mbeyu akamzika nyuma ya nyumba, akalia kama aliyefiwa na ndugu. Hakupika, hakusuka. Majirani wakachekea viganjani, wakisema Mbeyu kaweka matanga ya paka. Haya, wacheke tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi Mbeyu akaapa kwamba hatafuga tena mnyama anayekufa. Kulia amelia, yatosha. Akachukua kikapu chake, akaenda kumtafuta asiyekufa.

Akaenda, akaenda, akakutana na kuku. Akamwuliza kama yeye hafi. Kuku akacheka hadi mbawa zikamlegea, akamwambia kwamba kwao, mgeni akipiga hodi tu, wao huanza kuagana.

Akaenda, akaenda, akakutana na punda. Punda akasema miaka angekuwa nayo mingi, ila mizigo humpunguzia.

Akaenda, akaenda, akakutana na kobe, gamba lake limeota ukungu. Kobe akamwambia, "Babu wa babu yako namjua. Alipozaliwa nilikuwapo, na alipozikwa nilikuwapo."

Mbeyu akafurahi, akamtia kikapuni, akarudi kwake.

Nyumbani, Mbeyu alimsemesha Kobe, Kobe akatafuna mchicha. Akamwimbia, Kobe akaingiza kichwa ndani. Mbeyu akajiambia si neno, maadamu hafi.

Masika yakaingia, na homa ikamwangusha Mbeyu. Akatetemeka kitandani, akaita, akaita tena. Kobe alikuwa pale pale pembeni, macho wazi, anatafuna.

Alipopata nafuu, Mbeyu akamwuliza, "Kobe, hukunisikia nikiugua?"

"Nilikusikia."

"Mbona hukusogea hata karibu yangu?"

Kobe akameza mchicha wake. Kisha akasema, "Bwana wangu wa kwanza alipokufa, nililia nikadhani gamba litapasuka. Nikaapa sitampenda mtu tena. Toka siku ile sijalia, Mbeyu. Wala sijafurahi. Ulitaka mnyama asiyekuliza. Ndiye mimi."

Mwenye kovu usidhani kapoa, wanangu. Mbeyu alimtazama Kobe, akaona kiapo chao ni kimoja, na akaogopa. Akalia. Alimlilia Tunu upya, na katikati ya machozi akakumbuka jinsi paka yule alivyowahi kuvuruga mkeka wa bibi harusi, akajikuta anacheka.

Jioni ile mvua ilinyesha. Mtoto wa paka, amelowa chapa chapa, akaja mlangoni kuomba mahali pa kujikausha. Mbeyu akamfuta kwa upindo wa kanga yake, akainuka kutafuta maziwa.

Kobe akamwambia, "Huyo naye atakufa. Unajua?"

"Najua."

"Na utalia."

"Nitalia."

"Basi unamhangaikia nini?"

Mbeyu akamwekea mtoto wa paka kibakuli, akasema, "Kwa kuwa atakufa, ndiyo maana sitaki kuchelewa kumpenda."

Kobe akakaa, akawaza. Kichwa kikatoka, shingo ikatoka. Akajikokota taratibu, akapita kwenye mkeka, akaja kukaa ubavuni mwa Mbeyu.

Basi, wanangu, anayekimbia machozi huikimbia na furaha, maana mlango wao ni mmoja. Kiumbe uliye naye, mpende angalipo. Siku ya kumlilia itakapofika, lia bila haya, halafu usiufunge mlango.

Mimi nimewaacha pale, watatu, wanasikiliza mvua. Hadithi ikiwa imewanogea, gawaneni na walio nyumbani. Ikiwa haikunoga, nirudishieni, nikalale nayo mwenyewe.