Mlaji Afike Mwenyewe

Ukiamsha sheria iliyolala, hakikisha umeshakula. Mnacheka? Chekeni, wajukuu, lakini methali hii ilianza hivi.

Nyuma ya benki ya mji mmoja chini ya Milima ya Usambara aliishi mama ntilie, Bi Mwantumu. Alipikia barazani, na ndani, nyuma ya pazia, alilala mumewe, Mzee Shemweta, aliyepooza miguu. Kila mwisho wa mwezi mzee alitia saini karatasi, mkewe akaenda benki kumchukulia pensheni. Ukutani pale benki palikuwa na kibao: MWENYE AKAUNTI AFIKE MWENYEWE. Miaka yote kazi ya kibao kile ilikuwa kuwatunza buibui.

Akaja meneja mpya, Bwana Kalumuna. Akakipangusa vumbi na, kwa bahati mbaya, akakisoma.

"Mama, pensheni hii ni ya nani?"

"Ya mume wangu, baba. Hawezi kutembea."

"Afike mwenyewe. Ndiyo sheria."

"Mwezi jana haikuwa sheria?"

"Mwezi jana sikuwepo."

Bi Mwantumu akatoka machozi yakimlenga. Dawa za mzee zilikuwa zinaishia siku ile. Ambebe? Kumgeuza tu kitandani, mtaa mzima husikia anavyougulia.

Akiteka maji ya kupikia, macho yake yakaangukia mfuniko wa pipa. Nao ulikuwa kibao! Alikiandika zamani, watoto waliotumwa chakula walipokuwa wakidokoa nyama njiani: MLAJI AFIKE MWENYEWE. Hakuna aliyewahi kukifuata. Akakipangusa maji, akakitundika mlangoni.

Mchana mlinzi wa benki, Kihiyo, akaja na bakuli kama kawaida.

"Wali wa bosi, shangazi."

"Bosi ana miguu?"

"Anayo yote miwili."

"Mwambie aje nayo. Ndiyo sheria."

Kihiyo akarudi na bakuli tupu, akijing'ata midomo asicheke. Harufu ya samaki wa nazi ikaingia benki bila kupanga foleni. Mwishowe meneja akatokea, tai imelegea.

"Mama, unanikomoa?"

"Hata kidogo, mwanangu. Kibao kilikuwepo. Keti ule."

Akampakulia, wali ukafurika sahani. Kisha akavuta pazia. Mzee Shemweta akainua mkono kitandani.

"Karibu, bosi. Mwenye akaunti ndiye mimi. Nilikofika ndiko huku."

Meneja akaitazama miguu iliyokonda chini ya shuka. Kijiko kikarudi sahanini.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe. Wakaguzi wanakuja, nami naogopa kupoteza kazi."

"Marahaba. Si wanataka unione? Umeniona."

Kihiyo akaitwa, akatumwa mbio kuchukua karatasi benki. Mzee akatia saini mbele ya meneja mwenyewe, pensheni ikaletwa, na dawa zikanunuliwa kabla duka halijafungwa. Wali ulikuwa umepoa. Bi Mwantumu akaupasha moto bila kuombwa, akaongeza na kipande cha samaki.

Tangu hapo meneja alikwenda mwenyewe kwa mzee kila mwisho wa mwezi. Na alipohamishwa, Kihiyo alimpokea meneja mpya mlangoni pa benki, akamwona anakodolea macho vibao vya ukutani. Akamsogelea, akamnong'oneza kwa heshima zote:

"Bosi, ukiamsha sheria iliyolala, hakikisha umeshakula."